Kijiko Chekundu cha Mheshimiwa

Askari wa getini alifungua mfuniko wa ndoo yangu, akachungulia, kisha akaurudisha polepole kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mwenyewe yumo.

"Unapeleka wapi hii samaki?"

"Usenge."

"Usenge ya ziwani?"

"Kwani kuna ingine?"

Akamwita mwenzake aliyekuwa akinywa uji kibandani. "Omera, kuja uone maajabu! Huyu dada anapeleka samaki Usenge."

Mwenzake akaja na kikombe mkononi. "Ukitoka huko pitia Mombasa uwapelekee chumvi."

Nilicheka nao, maana walikuwa na haki. Watu wote wa Kisumu hutoa samaki Usenge kuja mjini. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya gari la chuo, nimebana ndoo kati ya magoti, pampu ndogo ya betri ikilia *brrrr* ndani ya maji, nampeleka ngege mmoja, yule perege wa ziwani, alikozaliwa babu yake. Tena nampeleka akafundishe.

Kazi yangu pale chuoni ni kulisha samaki na kuosha matangi. Shule niliishia Fomu Foo, na kwenye cheti changu herufi ya sayansi iko mbali sana na A, hata zikikutana njiani hazisalimiani. Lakini mimi ni mtu wa kuota mchana. Nikisugua tangi nilikuwa najiona nimevaa koti jeupe, nahojiwa kwenye runinga, na pembeni yangu yuko samaki ndani ya kioo, maswali magumu anajibu yeye.

Na samaki mwenyewe nilikuwa naye. Katika maabara yetu kulikuwa na mwanafunzi wa uzamili, kijana mrefu mwenye tabia ya kunywa nusu kikombe cha chai na kusahau nusu nyingine popote, hata juu ya mizani. Utafiti wake ulikuwa kuona kama ngege anaweza kujifunza rangi. Mimi nilichovya kijiko chekundu majini, halafu nikamwaga chakula. Nilichovya kijiko cha buluu, halafu sikumwaga kitu. Nyekundu kula, buluu hakuna. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni mpaka mkono wangu ukawa unachovya hata nikiwa nimelala. Tangi zima lilifundishwa. Wengine wote walijifunza kunenepa tu. Mmoja ndiye aliyeshika somo: akiona chekundu anakuja mbio, akiona cha buluu anageuza mkia kama hajakuona.

Nilimwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo, na kwa sababu hakuwahi kuja kunisalimia bila kuwa na haja.

Mkubwa wetu alikuwa Daktari, mama mwenye sauti ya chini anayeishi Milimani, mwenye kiwanja kikubwa ambacho badala ya maua amepanda sukuma wiki. Daktari huyu ana neno moja ambalo amelitumia mpaka limechakaa: "Tunajuaje?" Ukimwambia mvua itanyesha, "Tunajuaje?" Ukimwambia chai imeiva, "Tunajuaje?" Hasemi kwa ubaya. Anauliza huku macho yanamng'aa, kama mtoto aliyeona peremende.

Yeye ndiye aliyeanzisha mambo ya kutembelea shule na kuwaonyesha watoto sayansi. Alisema watoto wa ufukweni wanamjua samaki kwenye wavu, kwenye ungo, kwenye sufuria na kwenye sahani, lakini hawajawahi kumwona akifikiri. Kwa hiyo tukampakia Mheshimiwa.

Kabla hatujaondoka aliweka mkono begani mwangu. "Huyu ni mmoja tu tuliye naye. Hakuna mwingine. Aende mzima, arudi mzima. Nimekupa wewe."

"Daktari, usijali. Huyu hata mkimchanganya na samaki elfu, mimi namtambua kwa uso."

"Unajuaje?"

"Najua tu."

Akatabasamu, akaingia gari mbele.

Tulisimama Bondo kujaza mafuta. Nikamfungulia Mheshimiwa mfuniko apate hewa ya Bondo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akasogea, akatazama ndani, akameza mate.

"Huyu amekomaa. Nikupikie hapa hapa? Nyanya ninazo."

"Hapana mama, huyu haliwi. Huyu amesoma."

"Amesoma mpaka wapi?"

"Anajua rangi."

Akanitazama kutoka kwenye ndala mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. "Basi pengine amekupita wewe."

Yule mwanafunzi wa uzamili alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi nilifunga mfuniko nikamwambia Mheshimiwa asisikilize maneno ya watu wa barabarani.

Sasa, mtu asiyejua desturi za kwetu atauliza nilimwachaje mkononi mwa watu. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kwetu mgeni haingii boma akiwa amebeba kitu. Ukifika, mtoto anakuja mbio, anainama kidogo, anapokea mzigo wako kwa mikono miwili. Kumkatalia ni kama kumwambia mama yake hakumlea. Na kila mzigo una mahali pake: kitabu kinakwenda ofisini, kuku anakwenda uani, sukari inakwenda kabatini. Hakuna anayeuliza. Mgeni anapokewa, mzigo unajua njia.

Tuliposhuka pale shuleni Usenge, upepo wa ziwa ukanivua kitambaa, harufu ya omena, dagaa wa ziwani walioanikwa, ikatupokea kwanza, halafu wanafunzi wakatupokea kwa wimbo. Wasichana wawili wenye sare za kijani wakanijia, wakainama, wakanyoosha mikono.

"Karibu, madam."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita madam. Nilisikia mgongo ukininyooka wenyewe. Nikawapa ndoo.

Nilidhani inakwenda darasani. Aki ya nani, nilidhani hivyo.

Tukapelekwa kwenye viti vya mbele. Mwalimu mkuu, mzee mfupi mwenye tai iliyokuwa ndefu kuliko yeye, akamwomba mwenyekiti wa wazazi afungue kwa sala. Mwenyekiti alikuwa mwanaume mkubwa mwenye vizimba vya kufugia samaki ziwani, na aliomba kama mtu anayejua kuwa Mungu ana nafasi siku nzima. Akaombea wageni. Akaombea magurudumu ya gari la wageni. Akaombea mitumbwi, nyavu, injini, na waliolala njaa. Akaombea samaki waongezeke. Hapo nilifungua jicho moja nitafute ndoo yangu, nikakutana na jicho la mwalimu mkuu ambalo nalo lilikuwa wazi, tukafunga yote mawili kwa aibu.

Baada ya amina, ikawa kila mgeni asimame ajitambulishe. Daktari akasimama. Mwanafunzi wa uzamili akasimama. Mimi nikasimama.

"Mimi," nikasema, "ndiye ninayemtunza Mheshimiwa."

Mwalimu mkuu akageuka upesi kutazama barabarani, akamnong'oneza mwalimu mwingine, na mwalimu huyo akakimbia kuleta kiti chenye mito.

"Yuko nyuma yenu?" mwalimu mkuu akaniuliza kwa sauti ya chini. "Hatukuambiwa."

"Tumekuja naye, mwalimu. Yuko kwenye ndoo."

Sijui alifikiria nini, lakini alilegeza tai.

"Ndoo iko darasa gani?" nikamuuliza mmoja wa wale wasichana wa sare ya kijani.

Akanitazama kwa mshangao wa heshima. "Ya samaki? Iko jikoni, madam. Si ndiyo mboga yenu mmekuja nayo?"

Nilikimbia. Nasikia bado wanasimulia jinsi madam wa Kisumu alivyoruka kamba ya nguo.

Jikoni kitunguu kilikuwa kimeshaanza kuimba kwenye mafuta. Mama mpishi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwanamke mnene mwenye uso wa furaha, kisu mkono wa kulia na ngege mkono wa kushoto. Yule ngege alikuwa akipiga mkia.

"WACHA!"

Mama akashtuka, ngege akaruka kutoka mkononi, akaanguka kwenye beseni kubwa la maji. *Chubwi.* Nikalikimbilia beseni. Ndani yake walikuwa wakizunguka ngege sita.

"Mama, ndoo yangu ilikuwa na samaki mmoja!"

"Ndiyo, nyathina, mwanangu. Nikaona yuko peke yake, nikamuunganisha na hawa. Hawa ameleta mwenyekiti saa hii tu kutoka kwa vizimba yake, wako hai, wageni wale kitu fresh. Kwani ni mbaya?"

"Ni yupi wangu?"

Mama mpishi akainama juu ya beseni, akatazama kwa makini kwa muda mrefu. "Ni mmoja ya hawa," akasema.

Basi nikapiga magoti. Wakati wangu ulikuwa umefika. Si mimi niliyesema namtambua hata katikati ya elfu? Hawa walikuwa sita. Nikawatazama usoni mmoja baada ya mwingine. Nikaona macho ya huruma. "Huyu hapa! Mheshimiwa!" Nikamnyooshea kidole. Akapita. Aliyemfuata naye alikuwa na macho ya huruma. Na wa nyuma yake. Wote sita walikuwa na macho ya huruma, midomo ya kushangaa, na matumbo ya siasa. Nikahisi machozi yananijia, halafu nikahisi nacheka, na sikujua kipi nikifanye kwanza, nikafanya vyote.

"Pole, nyathina," mama mpishi akasema, akinifuta uso kwa leso yake yenye harufu ya kitunguu, jambo ambalo halikusaidia machozi. "Kwani huyu samaki ni wa dawa?"

"Ni rafiki yangu."

Akaweka kisu chini. Hilo sitalisahau. Hakucheka hata kidogo. Aliweka kisu chini na kuzima moto wa kitunguu.

Hapo Daktari akatokea mlangoni, nyuma yake mwalimu mkuu, mwenyekiti, na shule nzima ikisukumana. Nikamweleza kwa pumzi moja. Nilingoja anigombeze. Yeye akatazama beseni, akatazama wale samaki sita wanaofanana kama sarafu, na nikaona macho yake yanaanza kung'aa.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "tunajuaje?"

Tulilibeba beseni mpaka kwenye veranda ya darasa. Mwanafunzi wa uzamili akaandika ubaoni NYEKUNDU upande mmoja na BULUU upande mwingine. Vijiko vyangu vilikuwa mfukoni, nashukuru Mungu hakuna mtoto aliyevipokea. Daktari akawaeleza wanafunzi habari yote: kuna samaki mmoja hapa anajua rangi, watano hawajui. Tukimkosea, mwenzetu ataliwa. Mtafuteni.

Nikachovya kijiko chekundu.

Samaki wote wakakimbilia upande mwingine wakajazana kama wateja wa benki mwisho wa mwezi.

"Wameogopa kelele," akasema Daktari. "Tunyamaze."

Na shule nzima ikanyamaza. Mwalimu mkuu alitazama huku na huku kama mtu aliyeibiwa. Baadaye aliniambia hajawahi kupata kimya kama kile, hata siku ya kutangaza matokeo.

Nikachovya tena. Tukangoja. Ngege mmoja akajitenga, akaja, akagusa kijiko kwa pua. Watoto wakalipuka kwa vifijo, samaki wakakimbia tena, na mimi nikawa nimeshaanza kulia. "Ndiye! Ndiye huyo!"

Msichana mmoja mdogo akainua mkono. Alikuwa ndiye yule aliyeniambia ndoo iko jikoni. "Lakini madam, labda ana njaa tu. Jaribu ya buluu."

Nikajaribu cha buluu. Yule yule akaja mbio, akaguguna kijiko. Nikajaribu kalamu. Akaja. Nikajaribu kidole changu. Akaja.

"Huyo si msomi," akasema mwenyekiti kwa fahari. "Huyo ni wangu."

Tukamweka pembeni kwenye sufuria. Nikachovya chekundu. Mwingine akaja, kwa madaha, bila haraka. Buluu: akageuza mkia. Chekundu: akaja. Buluu: mkia. Mwanafunzi wa uzamili alikuwa akiweka alama ubaoni mpaka chaki ikavunjika. Nikachovya chekundu mara nyingine, akaja, na nyuma yake akaja mwingine.

"Wawili?" mama mpishi akauliza. Alikuwa ameshapata nafasi ya mbele kabisa.

"Huyo wa pili anaiga," akasema mvulana mmoja. "Kama vile huyu anavyoiga hesabu zangu."

"Wewe ndiye unaiga!"

"Nyamazeni, samaki wanasikia!" mwalimu mkuu akawakemea, halafu akajishangaa.

"Sawa," akasema mama mpishi. "Hao wawili wawe wa Kisumu. Hao wengine, pamoja na huyu mlafi wa sufuria, ni wa mwenyekiti. Nikaange?"

Watu wakaitikia. Kwa kweli njaa ilikuwa imefika. Mwenyekiti akasema ndiyo, nao wakubwa wakasema ndiyo, na mwanafunzi wa uzamili, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alisema ndiyo ya peke yake. Mama mpishi akaingiza mkono majini.

"Lakini madam," ikasema ile sauti ndogo.

Mkono wa mama ukasimama.

"Na kama Mheshimiwa ameogopa? Amesafiri, amewekwa na watu hajui, ameona kisu. Mimi nikiogopa hata jina langu nasahau. Labda ni yule amekaa chini kabisa, hajatoka."

Sote tukatazama chini ya beseni. Kweli, kulikuwa na mmoja chini, amejikunja pembeni, hatikisi hata pezi. Na ghafla nikamwona ana huzuni. Na wa sufuria je? Mheshimiwa naye akishtuka si anaweza kula ovyo? Mimi mwenyewe nikiwa na wasiwasi hula mandazi yoyote yaliyo mbele yangu.

Daktari alimtazama yule msichana. Halafu akasema kwa sauti ya chini zaidi ya kawaida, "Hilo ni swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Jibu lake ni kwamba hatujui." Akanigeukia. "Nilimkabidhi kwako. Wewe unasemaje?"

Watu wote wa Usenge wakanitazama mimi. Mimi mwenye cheti kile.

"Nasema," nikajikohoza, "nasema hakuna anayeliwa."

Hapo ndipo mwenyekiti alipoona mambo yamemharibikia. "Mimi nimetoa samaki wa kuliwa, nyinyi mmewapa mtihani! Sasa wageni watoke Usenge bila kula samaki? Usenge? Watu wa Homa Bay wakisikia?"

Mwalimu mkuu alikuwa karibu kulia. Ni aibu kweli, mgeni kula mboga za majani kandokando ya ziwa. Mama mpishi ndiye aliyeokoa jina la kijiji. Alichukua ungo, akatoka kwa miguu mpaka kwenye nyavu za kuanikia pale ufukweni, akarudi nao umejaa omena mpaka juu.

"Hawa," akasema, "hawajaenda shule."

Tulikula ugali na omena iliyokaangwa na nyanya, tukiwa tumelizunguka lile beseni. Mwenyekiti alinuna mpaka tonge la tatu. Halafu nikamwona anachukua kijiko chekundu kisirisiri na kukichovya, anatazama kama kuna mtu anamwona. Samaki akaja. Jitu zima likatabasamu kama mtoto.

"Huyu ni wangu," akaninong'oneza. "Ana akili. Akifanya vizuri, mniambie."

Tulirudi Kisumu tukiwa na ndoo, sufuria na beseni. Pale getini yule askari akafungua kimoja kimoja.

"Ulitoka na mmoja!"

"Aliwakuta ndugu."

"Sasa nimeelewa," akamwambia mwenzake. "Walikuwa wanampeleka akaoe."

Kesho yake tuliwapa wale sita tangi la peke yao, wapumzike, ndipo tuwapime upya kwa utulivu. Daktari alisema tuwape wiki nzima. Hapo ndipo mimi nilipoharibu mambo, ingawa moyo wangu ulikuwa safi. Kila nilipowalisha, niliwahurumia kwa safari ile ndefu, nikawa nawachovyea vijiko kama zamani, chekundu na chakula, cha buluu bila kitu, ili yule Mheshimiwa aliye ndani yao ajione yuko nyumbani. Siku ya mtihani ilipofika, mwanafunzi wa uzamili akachovya chekundu. Wakaja wote sita, wamepanga mstari. Akachovya cha buluu. Wakageuza mikia, wote sita, hata yule mlafi.

Mwanafunzi akanitazama. Nikatazama dari. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, na baadaye utafiti wa kijana yule ukapata sura nyingine, kuhusu ngege wanavyojifunza upesi wakiwa na mwenzao anayejua. Mwenyewe anasema sura hiyo ni nzuri kuliko ya kwanza.

Mimi kwa sasa nawaita wote Mheshimiwa, na wote wanaitika kwa mtindo ule ule. Nyumbani mama yangu analalamika kwamba amezaa Mjaluo asiyeweza kula ngege bila kwanza kumtazama usoni. Omena nakula.

Juzi simu ya Daktari ililia, akaniletea tangini nisikilize. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya mwalimu mkuu. Kwanza mwalimu mkuu akisema, "Sema haraka, bando linaisha," kisha ile sauti ndogo:

"Madam wa samaki, hamjambo? Mama wa jikoni anauliza, na mwenyekiti anauliza, na mimi nauliza. Mmejua ni yupi?"

Daktari akanishikia simu mdomoni. Nikatazama ndani ya tangi. Midomo sita ya kushangaa ilikuwa imenielekea, ikingoja.

"Bado," nikamwambia. "Lakini yuko mzima."

Daktari akafungua mdomo kuuliza swali lake lile lile. Nikamwonyesha wote sita kwa kidole, akaufunga.